Upande wa Pili wa Jiwe

Bassou alilipasua kwa pigo moja la patasi,
likafunguka kama mkate wa shayiri,
na humo ndani, pande zote mbili,
mnyama aliyekosana na hesabu.

Sisi wa bonde la Draa hatujaiona bahari,
ila hii iliyolala chini yetu, nyekundu, kavu,
miaka milioni mia nne na themanini.
Lakini hata mtoto mchunga mbuzi hapa
humjua kiti cha pweza kwa mikono yake mitano,
na yungiyungi-bahari kwa shina la pete
ambazo dada zangu walizitunga uzi.
Jongoo bahari hatujampata kamwe:
mifupa yake ni chembe tu ndani ya ngozi,
akifa husambaa kama siri ya ukoo.
Tano, tano, tano,
kama kiganja cha shaba mlangoni petu
kinachofukuza kijicho.

Huyu hakuwa na tano.
Hakuwa hata na mbili zinazolingana:
mwili bapa, vigae vimeshonwa ukingoni,
bega moja juu, jingine chini,
kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja;
na nyuma, au ni mbele,
kitu kirefu chenye viungo, kimepinda.

Mnunuzi wa Erfoud akasema: Mchongeeni.
Gundi, vumbi la jiwe, mikono ya ziada,
mgeni atalipa kwa yuro.
Bassou akaitazama patasi.
Tulikuwa na deni la pampu ya maji.

Mama akalichukua jiwe, asijibu.

Mama hasomi. Anayo sindano ya mazulia
aliyoifunga kwenye kipande cha kuti,
na pumzi.
Siku tisa alichokoa, akapuliza, akachokoa.
Siku ya kumi akaniita: Njoo uone, huyu kafumwa.
Nikainama kwenye lenzi.
Chokaa ilikwisha kuyeyuka zamani,
kutu imekaa mahali pake, kwa adabu,
na kila kigae ni wavu,
matundu, matundu,
mfupa ulioiachia nyama njia.

Profesa Ghizlane alifika na vumbi la Marrakech viatuni.
Alinyamaza muda wa glasi mbili za chai.
Kisha: Wavu huu ndio nasaba yao.
Ukoo huu hautambuliwi kwa vidole.
Hata kiti cha pweza, akiwa bado mchanga, anaelea,
ana kulia na kushoto kama wewe;
halafu upande wa kushoto unajijengea nyumba
na wa kulia unamezwa.
Huyu wetu, wengine husema alizitupa tano,
wengine, alitangulia kabla hazijaja.

Na hiki, mkia? akauliza Bassou.
Au mkono, akasema, wenye kinywa kwenye shina lake.
Wapo waliogombana juu ya hiki
wakazikwa bila kupatana.

Akatoa kadi.
Faila, akaandika bila kusita.
Ngeli.
Kalamu ikabaki hewani,
nami nikajiona siwezi tena hata kusema
huyu, au hiki.
Akaweka alama ya kuuliza.

Mama akaichungulia kadi, akacheka hadi akakohoa:
Kumbe unajua kuchora! Ndiye huyo huyo,
mkia umepinda, na kitone cha mwili.

Nusu moja ilikwenda Marrakech, ndani ya soksi ya sufi.
Malipo ya makumbusho hayakufika nusu ya deni.
Nusu ya pili iko dirishani, karibu na sukari.
Mama ameichora ile alama ukutani kwa mkaa,
akiifuata nusu yake, si ya Profesa,
kwa hiyo imegeukia kushoto.
Nilitaka kumwambia amekosea.
Kisha nikakumbuka daftari zangu za Kiarabu,
ambamo swali hugeukia huko huko.

Pampu, Bassou anaifungua tena leo.